Max Planck: Kijana aliyeambiwa fizikia imekwisha

NILIMSHAURI vibaya mpwa wangu, na leo nataka kulisahihisha kosa hilo mbele ya wasomaji.

Kijana huyo anasoma kemia chuo kikuu, mwaka wa pili. Alipokuja likizo hapa Rumonge aliniambia kuwa wameanza somo la kwantamu, na kwamba anataka kubobea katika kemia ya kukokotoa kwa kompyuta. Mimi mjomba wake, niliyeishi kwa mawese na ndagala, nilimwambia aachane na hayo. Mambo hayo Wazungu walishayamaliza, nikamweleza, heri atafute kazi ya kumpa chakula.

Hakunibishia. Aliniachia kitabu cha maisha ya Mjerumani mmoja, Max Planck, akaniomba nikisome. Nilikisoma kwa siku tatu, nikaona aibu.

Planck alizaliwa Aprili 23, 1858, katika mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa profesa wa sheria. Kijana mwenyewe alikuwa hodari wa piano, hata ikamwia vigumu kuchagua kati ya muziki na sayansi.

Alipoingia chuoni München, profesa wake, Philipp von Jolly, alimtahadharisha kuwa fizikia imekaribia kwisha na yamebaki mashimo madogo tu ya kuziba. Planck alijibu kuwa hakutafuta makubwa, alitaka tu kuyaelewa yaliyokwisha kujulikana.

Alipata shahada ya udaktari mwaka 1879, akiwa na miaka 21. Mwaka 1889 alihamia Berlin kufundisha. Huko ndiko alikokutana na swali ambalo hata sisi tunaokaanga mukeke ufukweni tunaliona kila jioni.

Tazama mkaa jikoni. Ukianza kushika moto huwa mwekundu. Ukipuliziwa, wekundu husogea kwenye manjano. Chuma cha mhunzi kikizidi kupata moto hukaribia weupe. Kwa nini rangi zije kwa mpangilio huo?

Mwaka 1900, pwani yetu hii ilihesabiwa na Wajerumani kuwa sehemu ya koloni lao la Afrika Mashariki, ingawa Mwami Mwezi Gisabo hakuwa ameutambua utawala wao. Alifanya hivyo mwaka 1903. Huko Berlin, Oktoba 7, mtaalamu wa vipimo Heinrich Rubens alimtembelea Planck nyumbani. Alimweleza kuwa vipimo vipya vya joto na mwanga vimeikataa kanuni iliyokuwa ikitegemewa.

Jioni ile ile Planck aliandika kanuni mpya iliyolingana na vipimo. Lakini hakujua kwa nini ililingana. Alihangaika wiki kadhaa, na Desemba 14, 1900 akatoa jibu mbele ya Chama cha Fizikia cha Ujerumani.

Jibu lenyewe ni kwamba nishati haitoki kama maji ya bomba. Inatoka kwa mafungu, kama ndagala sokoni kwetu: muuzaji ameshapanga, hakukatii nusu. Fungu la mwanga mwekundu ni dogo, la buluu ni kubwa. Mkaa wenye moto mdogo hauna uwezo wa kutoa mafungu makubwa, ndiyo maana unaanza na wekundu. Fungu hilo ndilo kwantamu.

Cha ajabu, Planck mwenyewe hakulifurahia wazo lake. Alijaribu kwa miaka mingi kulirudisha katika fizikia ya zamani, akashindwa. Wengine walilibeba mbele: Albert Einstein mwaka 1905, Niels Bohr mwaka 1913, na Erwin Schrödinger, aliyetoa mlinganyo wake mwaka 1926 na mwaka uliofuata akarithi kiti cha Planck mjini Berlin.

Kutokana na mlinganyo huo kompyuta hukokotoa tabia za molekuli. Mpwa wangu alinipa mfano wa mawese. Wekundu wake unatokana na karotini, molekuli ndefu kama mnyororo, ambayo elektroni zake 22 hutembea kutoka ncha hadi ncha. Kadiri njia yao inavyorefuka, ndivyo fungu la kuziamsha linavyopungua. Katika karotini, fungu hilo ni la mwanga wa buluu. Buluu inamezwa, na sisi tunaona rangi iliyobaki. Ukichemsha mawese kupita kiasi mnyororo unaharibika, na mafuta yanapauka.

Planck alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918, lakini nyumba yake ilikuwa katika msiba. Mkewe Marie alifariki mwaka 1909. Mwanawe Karl alikufa vitani Verdun mwaka 1916. Mabinti zake mapacha, Grete na Emma, walifariki wote kwa uzazi, mmoja mwaka 1917 na mwingine 1919.

Mwaka 1933 alimwendea Hitler kuwatetea wanasayansi Wayahudi, asisikilizwe. Hakuihama nchi yake, na wapo wanaomlaumu kwa kubaki. Februari 1944 mabomu yaliteketeza nyumba yake pamoja na vitabu na maandishi yake. Januari 23, 1945, mwanawe Erwin alinyongwa kwa kuhusishwa na njama ya kumuua Hitler, licha ya baba kuomba aachiwe.

Planck alifariki Oktoba 4, 1947, mjini Göttingen, akiwa na miaka 89. Taasisi kubwa za utafiti za Ujerumani zina jina lake hadi leo.

Nilipomaliza kitabu nilijiona katika kiti cha Profesa Jolly. Yeye walau aliijua fizikia aliyosema imekwisha. Mimi hata sikujua kwamba mwaka 2012 vijana wa Afrika walikusanyika Eldoret, Kenya, kujifunza ukokotoaji wa namna hiyo hiyo.

Likizo ilipokwisha nilimpa mpwa wangu nauli ya kurudi chuoni na chupa ya mawese. Nikamwomba akirudi tena anionyeshe, kwa hesabu, rangi ile inatoka wapi.