George Hurrell: Fundi aliyefuta makunyanzi bila kuua sura

Na Mwandishi Wetu

LEO hii mwenye simu ya mkononi anaweza kulainisha uso wake pichani kwa kugusa kioo mara moja, na mara nyingi anachopata ni sura isiyo na uhai, mithili ya sanamu ya nta. Zaidi ya miaka 90 iliyopita kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu ya risasi, tena kwa saa nyingi, na mmoja wa walioielewa kwa undani alikuwa Mmarekani George Hurrell.

Hurrell ndiye aliyepiga picha nyingi za waigizaji wakubwa wa Hollywood katika miaka ya 1930, wakiwamo Joan Crawford, Clark Gable, Jean Harlow na Norma Shearer. Picha hizo zilisambazwa magazetini duniani kote, na kwa mamilioni ya watu ndizo zilizokuwa sura halisi za waigizaji hao.

Alizaliwa Juni 1, 1904 katika jimbo la Kentucky, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Cincinnati. Ndoto yake ilikuwa kuwa mchoraji, na ndiyo iliyompeleka Chicago kusomea sanaa. Kamera aliishika kwanza kama chombo cha kumsaidia katika uchoraji.

Hata hivyo, uchoraji haukumpatia riziki. Akiwa Chicago aliajiriwa katika studio za picha, ambako alipaka rangi picha kwa mkono, akajifunza kazi za chumba cha giza na kurekebisha negativu. Hapo ndipo alipopata elimu iliyomfaa maisha yake yote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika negativu mambo huwa kinyume: penye giza usoni, kama vile kwenye kunyanzi au kivuli chini ya jicho, huonekana peupe, na penye mwanga huonekana peusi. Fundi aliweka negativu juu ya kioo kilichomulikwa kwa nyuma, akapaka dawa ya kuifanya ishike risasi, kisha kwa kalamu iliyochongwa ikawa kali kama sindano akajaza sehemu ile nyeupe kwa vistari vidogo sana. Picha iliposafishwa, kunyanzi lilififia.

Palipohitaji kutiwa giza, fundi alikwangua utando wa dawa kwa kisu kidogo. Hatua hiyo ilikuwa ya hatari, kwa kuwa kilichokwanguliwa hakirudi.

Ugumu haukuwa katika kufuta, bali katika kujua pa kuishia. Ngozi ya binadamu ina chembechembe zake, na mwanga huipitia kwa kupanda na kushuka. Fundi mwanagenzi alijaza kila kivuli hadi pua ikapoteza mteremko wake na shavu likawa bapa kama sahani. Fundi mzoefu alilipunguza kunyanzi bila kuling'oa, akafuata upande ambako mwanga unatoka, na kila baada ya muda akaacha kioo cha kukuzia ili autazame uso mzima.

Mwaka 1925 Hurrell aliondoka Chicago akiwa na mchoraji Edgar Payne, wakaelekea Laguna Beach, California. Huko alipiga picha za wasanii wenzake ili apate kodi ya nyumba, na hatimaye akafungua studio mjini Los Angeles.

Rafiki yake, rubani wa kike Pancho Barnes, alimkutanisha na mwigizaji Ramon Novarro. Novarro alizipenda picha alizopigwa, naye akamwonyesha Norma Shearer, nyota wa kampuni ya filamu ya MGM.

Wakati huo, mwaka 1929, Shearer alikuwa katika wakati mgumu. Aliitaka nafasi ya mwanamke mwenye mvuto wa kimapenzi katika filamu ya The Divorcee, lakini mumewe, Irving Thalberg, aliyekuwa kiongozi wa utayarishaji wa filamu wa MGM, alimwona kuwa mpole mno kwa nafasi hiyo.

Shearer alikwenda kwa Hurrell kimyakimya, akapigwa picha za namna ambayo hakuwahi kuonekana nayo. Thalberg alipoziona alibadili msimamo. Shearer aliigiza filamu hiyo na akapata tuzo ya Oscar, naye Hurrell akaajiriwa na MGM mwaka 1930.

Tofauti yake na wapiga picha waliomtangulia ilikuwa wazi. Wengi wao walificha kasoro kwa kutumia lenzi laini iliyoifanya picha nzima ionekane kama imefunikwa na ukungu. Hurrell alitaka picha kali, inayoonyesha kila unywele wa kope.

Aidha, aliwataka waigizaji wake waje bila vipodozi vizito usoni, kwa sababu poda huua mng'ao wa ngozi. Aliumulika uso kwa taa kali, huku akijua kwamba taa hiyo itafichua kila doa. Alithubutu hivyo kwa kuwa aliifahamu kalamu ya risasi: doa lingeondolewa baadaye, lakini mng'ao uliokosekana usingeweza kuongezwa kwa uzuri uleule.

Alitumia negativu kubwa za inchi 8 kwa 10, ambazo zilimpa fundi nafasi ya kutosha kufanyia kazi uso.

Mfano unaojulikana zaidi ni picha ya Joan Crawford ya mwaka 1931. Imesalia katika hali mbili, kabla na baada ya kurekebishwa. Katika ya kwanza uso wa Crawford umejaa vidoa vya jua, na ngozi chini ya macho ina mistari. Katika ya pili vyote vimetoweka, lakini mifupa ya mashavu na uzito wa kope vimebaki kama vilivyokuwa. Fundi wa MGM, James Sharp, alitumia saa sita kuikamilisha.

Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja, swali haliepukiki. Vidoa vile vilikuwa vya Crawford mwenyewe, na mtazamaji wa ile ya pili pekee hawezi kujua kwamba viliwahi kuwapo. Ufundi uliofanya picha ionekane ya asili ndio uliouficha ukweli vizuri zaidi, na wasichana wengi wa enzi hizo walijilinganisha na ngozi ambayo hata mwenyewe hakuwa nayo.

Hurrell aliondoka MGM mwaka 1932, akafungua studio yake katika barabara ya Sunset. Baadaye alifanya kazi na kampuni za Warner Bros. na Columbia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia upepo uligeuka. Kamera ndogo zilishika soko, magazeti yakataka picha za ghafla zisizopangwa, na negativu za milimita 35 zilikuwa ndogo mno kwa kalamu ya risasi. Mtindo wa Hurrell ukaonekana umepitwa na wakati, naye kwa miaka mingi akaishi kwa kazi za matangazo na za kupiga picha kwenye seti za filamu.

Hakusahaulika kabisa. Picha zake zilianza kuonyeshwa katika makumbusho, na katika miaka yake ya mwisho wasanii wa kizazi kipya walimfuata awapige kwa mtindo wake wa zamani. Alifariki dunia Mei 17, 1992 akiwa na umri wa miaka 87.

Programu za kompyuta zimechukua nafasi ya kalamu ya risasi, lakini kanuni ya fundi mzoefu haijabadilika: punguza, using'oe, fuata mwanga, kisha rudi nyuma uutazame uso mzima. Kwa mpiga picha wa leo, saa sita za fundi Sharp ni kumbukumbu kwamba kinachookoa sura ni kile anachoamua kukiacha.