Mzee Kleinjogg wa Wermatswil

Wasomaji wetu wengi ni wakulima, na walimu wa sharika nao, wakiisha kufunga vitabu vyao, hushika jembe kama watu wengine. Kwa hiyo tumeona vema kusimulia habari za mzee mmoja wa nchi ya Uswisi, ambaye hakuwa mchungaji, wala mkuu wa nchi, wala mtu wa elimu kubwa. Alikuwa mkulima tu, naye alijulikana mbali sana katika Ulaya. Hakuwa wa Kanisa la Kilutheri, kwa maana watu wa Zürich walifuata mafundisho ya Zwingli. Lakini kazi ya shamba haiulizi mambo hayo.

Jina lake Jakob Gujer. Alizaliwa mwaka wa 1716 katika kijiji cha Wermatswil, karibu na Uster, katika nchi ya Zürich. Wenyeji walimwita Kleinjogg, maana yake Yakobo Mdogo, na jina hilo ndilo lililoshika hata leo.

Shamba alilorithi lilikuja pamoja na deni. Yeye na ndugu yake hawakutaka kuligawanya, bali walikaa pamoja na wake zao na watoto wao, nyumba moja, chungu kimoja, mfuko mmoja. Kila mwenye ndugu ajua jinsi jambo hili lilivyo gumu. Waliliweza kwa sababu Kleinjogg hakuwatenga watoto wa ndugu yake na watoto wake mwenyewe. Wote walikuwa chini ya amri moja, wakala chakula kimoja.

Siku zile desturi ya vijiji vile ilikuwa kugawa mashamba sehemu tatu: moja hupandwa nafaka kabla ya majira ya baridi, ya pili hupandwa nafaka baada yake, ya tatu huachwa ipumzike mwaka mzima. Udongo ulikuwa umechoka, na mkulima aliyetaka mavuno zaidi alitafuta ardhi zaidi. Kleinjogg aliona kinyume. Aliona ya kuwa watu wana ardhi nyingi kupita nguvu zao na kupita samadi yao, na ya kuwa konde dogo lililotunzwa hushinda kubwa lililoachwa. Basi shabaha yake ikawa samadi. Majani makavu ya kuwatandikia ng'ombe zizini hayakumtosha. Kwa hiyo akaenda msituni, akakata matawi madogo ya misonobari, akakusanya majani yaliyoanguka, akayatandaza chini ya ng'ombe mpaka yakaoza pamoja na mavi na mkojo wao. Alichimba pia udongo wenye chokaa akauchanganya na udongo mzito wa makonde yake. Akalima viazi vya Ulaya, ambavyo wakulima wengi walikuwa hawajavizoea bado. Majirani walishangaa, na wengine wakamwonea kijicho, lakini mavuno yakaongezeka.

Twapenda kukaa kidogo katika mambo ya nyumbani mwake, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa mkali, tena hatuna hakika kama sisi tungependa kulelewa naye. Mtoto mdogo asiyefanya kazi bado hakuketi mezani pamoja na wakubwa. Alikula chini, sakafuni. Siku alipoanza kwenda shamba na kufanya kazi iliyo kiasi cha nguvu zake, ndiyo siku aliyopewa nafasi yake mezani. Zawadi za ubatizo hakutaka watoto wapewe, wala za siku za gulio na sikukuu, akiogopa wasije wakajifunza kupenda kitu kisichotoka katika jasho. Amri hizi ni nzito. Mama wengi wa sharika zetu wangemgombeza, nasi tusingemtetea kwa kila neno. Lakini yafaa kukumbuka ya kuwa sheria aliyowawekea watoto alijiwekea kwanza mwenyewe: alitaka mkuu wa nyumba awe wa kwanza kufika shamba na wa mwisho kuondoka, na kiti chake mezani kilikuwa cha mtu aliyetoka kazini. Wazee wanaodai heshima kwa mvi tu hawakumpendeza.

Habari zake zilimfikia Hans Caspar Hirzel, daktari wa mji wa Zürich. Huyu alimtembelea, akamsikiliza, na mwaka wa 1761 akatoa kitabu juu yake, akimwita mkulima mwenye hekima ya wanafalsafa. Kitabu kikatafsiriwa kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza, na mwaka wa 1800 kikapigwa chapa hata Marekani. Wageni wakaanza kuja: mabwana wa mjini, waandishi, hata watu wa jamaa za kifalme. Mwaka wa 1775 akaja Goethe, mtunga mashairi wa Ujerumani, akiwa bado kijana. Hakutazamia makubwa, lakini aliondoka akimsifu katika barua kuwa ni mmoja wa watu bora aliopata kuwaona duniani. Lavater, mchungaji wa Zürich, aliweka sura ya mzee huyu katika kitabu chake kikubwa juu ya nyuso za watu.

Sifa kama hizo zimewaharibu wengi. Mtu atembelewaye na wakuu huanza kuona jembe ni zito. Kleinjogg aliongea na wageni wake pasipo woga na pasipo kujipendekeza, kisha akarudi kwenye samadi yake.

Mwaka wa 1769 serikali ya Zürich ilimkodisha shamba la Katzenrüti, karibu na Rümlang, lililokuwa limedhoofika, ili alitengeneze na wakulima wengine wapate kuona. Alikuwa amepita miaka hamsini, umri ambao wengi hutaka kupumzika. Akahama, akaanza upya kazi ile ile aliyoifanya ujanani: kukusanya majani, kuyaoza, kuyapeleka kondeni.

Alifariki huko Katzenrüti mwaka wa 1785, katika shamba la kukodi, nalo wakati huo likizaa vema. Mwaka ule ule daktari Hirzel alitoa kitabu kingine juu yake.