Louis Leakey na Gharama ya Upelelezi

Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mwana wa wamishenari. Alikua akisema Kigikuyu kama wenyeji, na akiwa kijana akapashwa tohara katika rika la Mukanda. Wengi humkumbuka kwa uchimbuaji wa mabaki ya kale huko Kariandusi na Elmenteita, karibu na Nakuru, mwishoni mwa miaka ya 1920.

Hata hivyo, lugha iyo hiyo ilimwingiza katika upelelezi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliitumikia idara ya ujasusi ya serikali ya kikoloni. Katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria, iliyoanza mwaka 1952, alikuwa mkalimani. Mawakili wa washtakiwa walipinga tafsiri zake hata akajiondoa.

Gharama ilikuwa nzito. Waliomwita ndugu walimwona msaliti, na mwaka 1954 binamuye, Gray Leakey, aliuawa na wapiganaji wa Mau Mau.

Leakey alifariki London mwaka 1972, akazikwa Limuru. Utafiti wake kuhusu Wagikuyu, uliotokana na masimulizi ya wazee, ulichapishwa mwaka 1977: ushahidi wa imani aliyopewa kabla ya upelelezi kuivunja.