Amiri Abdul-Qadir wa Aljeria

Watu wengi wa tarika ya Qadiriya katika nchi hizi za Maziwa, wakilisikia jina la Abdul-Qadir, humkumbuka sheikh mkubwa wa Baghdad, na ndivyo ipasavyo. Lakini yuko Abdul-Qadir mwingine, mwana wa tarika hiyo hiyo, aliyeshika upanga miaka kumi na mitano, kisha akauishi uzee wake katika elimu na ibada. Huyo ni Amiri Abdul-Qadir bin Muhyiddin wa Aljeria, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka wa 1808 karibu na mji wa Mascara. Baba yake alikuwa sheikh wa zawiya, na kijana alihifadhi Kurani, akaenda kuhiji pamoja na baba yake kabla hajatimiza miaka ishirini. Wafaransa waliutwaa mji wa Algiers mwaka wa 1830. Mwaka wa 1832 makabila ya magharibi yakampa Abdul-Qadir mkono wa utii awe amiri wao. Habari za vita vyake ni ndefu, na walioziandika ni wengi.

Lisilosimuliwa sana ni sheria aliyowawekea askari wake. Aliyemleta mateka hai alipewa zawadi ya fedha. Aliyemtesa mateka aliadhibiwa. Mateka wanawake waliwekwa chini ya uangalizi wa mama yake mzazi. Ilitokea hata akawaachilia mateka kwa kuwa hakuwa na chakula cha kuwapa. Hata hivyo, mwaka wa 1846, yeye akiwa mbali, mateka wengi wa Kifaransa waliuawa katika kambi yake, na lawama ya damu hiyo ilimwandama.

Desemba 1847 aliweka silaha chini kwa ahadi kwamba atapelekwa Alexandria au Akka. Ahadi ikavunjwa. Alifungwa Ufaransa, mwisho katika ngome ya Amboise, na huko wakazikwa watu wake 25, watoto wakiwamo. Alifunguliwa mwaka wa 1852, akakaa Bursa kwa Waturuki, na mwaka wa 1855 akahamia Dameski.

Mwezi wa Julai 1860 fitina iliyowaka baina ya Wadruzi na Wamaroni katika milima ya Lebanon iliingia Dameski. Amiri alikuwa amekwisha kumwonya gavana wa Kituruki, wala hakusikilizwa. Makundi ya watu yakavamia mtaa wa Wakristo, yakichoma nyumba na kuua. Hapo askari huyo wa zamani akawaita Waaljeria waliohama naye, wakashika silaha, akatoka nao njiani. Wakawaleta nyumbani kwake wanaume kwa wanawake, watawa na mayatima, hata mabalozi wadogo wa dola za kigeni, na yule wa Ufaransa miongoni mwao. Wenye ghasia walipofika mlangoni kuwadai, aliwatokea, akawakumbusha dini yao, akawakatalia. Nyumba ilipojaa, watu wakahamishiwa ngomeni chini ya ulinzi wa askari wake. Ikatangazwa kwamba kila amletaye Mkristo hai atapewa piasta 50, na inasimuliwa kuwa Amiri alikaa mlangoni na mfuko wa fedha, akisinzia kidogo tu juu ya mkeka. Sheria ya vitani ilikuwa haijamtoka. Maelfu waliokoka.

Ni vyepesi kumhurumia mgeni asiyekukosea. Amiri aliwaficha watu wa dola iliyoitwaa nchi yake na kumfunga, wala hakumdai yeyote kati yao deni hilo. Ufaransa ilimpa nishani, Papa Pius wa Tisa naye vilevile, na Rais Lincoln wa Marekani akampelekea bastola mbili. Yeye alijibu kwamba alitenda yanayowajibishwa na sheria ya Kiislamu na haki za binadamu.

Wako waliomlaumu kwa kupokea posho ya Ufaransa kila mwaka. Wasemaji hao wangeuliza kwanza ni wahajiri wangapi wa Kialjeria waliokula kutoka mkononi mwake. Miaka iliyobaki aliitumia katika kusomesha, kuswali na kuandika mambo ya tasawuf. Alifariki Mei 1883, umri wake miaka 74, akazikwa Dameski kando ya kaburi la Sheikh Ibn Arabi. Mwaka wa 1966, miaka minne baada ya Aljeria kupata uhuru, mifupa yake ilirudishwa kwao, ikazikwa katika makaburi ya El Alia, Algiers.