Abu Muslim wa Mahram: kadhi aliyeshika na kalamu

Watoto wetu wa Nizwa, Ibra na Sur wanalijua jina la Abu Muslim kwa mashairi. Ni kweli alikuwa mshairi mkubwa. Lakini mashairi hayakuwa kazi yake ya kutwa. Alikuwa kadhi, tena mtu wa gazeti, na maisha yake yote yalizunguka jambo moja: haki ya watu.

Jina lake ni Nasir bin Salim bin Udayyim Ar-Ruwahi Al-Bahlani. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika kijiji cha Mahram, Wadi Bani Ruwaha, upande wa Samail, huku kwetu Dakhiliya. Baba yake alikuwa kadhi wa Imam Azzan bin Qais, aliyetawala tangu 1868 mpaka alipouliwa 1871. Kwa hivyo mambo ya haki na dhulma hakuyasoma kitabuni tu, yalikuwa kazi ya nyumbani kwao. Na akiwa bado mdogo aliona namna nchi inavyorudi kwenye magomvi ya makabila akishaondoka aliyeishika.

Alivuka bahari kwenda Zanzibar angali kijana, zama za Sayyid Barghash. Akarudi Oman miaka michache, kisha akaenda tena Zanzibar na hakurudi. Huko alishika ukadhi, akafika kuwa mkuu wa makadhi. Nani hubisha mlango wa kadhi? Mjane anayedai mirathi ya mumewe, yatima aliyeliwa mali na jamaa zake, mke aliyeachwa bila ya masurufu. Mwenye nguvu hana haja ya kadhi, haki yake anaichukua mwenyewe.

Lakini hukumu, hata ikiwa nzuri vipi, inamfaa yule aliyefika mahakamani. Walio nje je? Tena tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, na mamlaka ya makadhi yakenda yakipungua. Mwaka 1911 likatoka gazeti la An-Najah, Abu Muslim akiwa mhariri wake. Ndiyo maana Waomani wanamhesabu miongoni mwa waandishi wao wa kwanza wa magazeti. Lilikuwa la Kiarabu, kwa hivyo asiyejua ila Kiswahili hakulisoma. Pengo hilo alikuja kuliziba Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa miaka ya 1930, alipotoa magazeti kwa Kiswahili.

Mwaka 1913 mambo yakabadilika Oman. Imam Salim bin Rashid Al-Kharusi alipewa baia Tanuf, na Nizwa ikaingia mkononi mwake. Watu wa Sharqiya nao wakaingia, wakiongozwa na Sheikh Isa bin Salih Al-Harthi. Mahinawi na Maghafiri walikuwa wamepigana vizazi na vizazi. Abu Muslim, aliye mbali ng'ambo ya bahari, aliwaandikia mashairi akiyaita makabila kwa majina, moja baada ya jingine, yaache visasi na yasimame pamoja. Hakuwa na jeshi wala mali ya kugawa.

Alifariki Zanzibar mwaka 1920, mwaka ule ule Imam Salim alipouliwa. Kitabu chake kikubwa cha fiqhi, Nithar al-Jawhar, hakukimaliza. UNESCO ilimwingiza katika orodha yake ya maadhimisho alipotimiza miaka 100 tangu kufa kwake.

Sisi tunafurahi kwamba ni wa kwetu. Sawa. Lakini mpaka leo ikija posa nyumbani, wangapi tunauliza kabila kabla ya kuuliza tabia? Ugomvi wa mapanga umekwisha, huu wa moyoni bado tunao. Mtu aliyetumia umri wake kuwaombea watu wakae pamoja, heshima yake haitimii kwa kuhifadhi beti tu.

Mkipita Samail kwenda Nizwa, waonyesheni watoto upande wa Wadi Bani Ruwaha, na muwaeleze kazi aliyoifanya.