Bibi Titi: Mcheza Kwao Aliyekawia Kutunzwa

Katika uchaguzi wa mwaka 2013 nchini Kenya, Thika na Ruiru, miji miwili jirani kwenye njia moja itokayo Nairobi, kila mmoja ulimpeleka mwanamke Bungeni: Alice Ng'ang'a kwa Thika na Esther Gathogo kwa Ruiru. Siku hizi habari ya namna hiyo haimshtui mtu. Lakini tukumbuke kwamba Kenya ilingoja mpaka mwaka 1995 ndipo ikampata waziri kamili wa kwanza mwanamke, Bibi Nyiva Mwendwa. Njia hii ina waliotangulia kuifyeka, na si wote walikuwa wa Kenya. Mmoja wao ni mwenzetu wa pwani, kwa lugha na kwa dini: Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1926. Baba yake alikuwa mtu wa dini. Alimtaka bintiye asome Kurani, na shule ya serikali hakuiafiki. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka shule, akasoma madarasa machache ya mwanzo. Kisha akaozwa, naye ni kigori wa miaka 14 hivi. Ndoa ile haikudumu.

Kilichomtangaza mjini si cheti bali sauti. Alikuwa mwimbishaji wa ngoma ya Bomba, na akina mama wa Dar es Salaam walimjua kwa wimbo kabla ya kumjua kwa siasa.

Mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch. Akauliza habari za wanawake wa chama. Wanaume wakatazamana, kwani tawi la wanawake lilikuwa bado halijaundwa. Ndipo akatafutwa Bibi Titi, ambaye yeye na mumewe, Boi Selemani, walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuchukua kadi. Akafanywa mkuu wa tawi, na Bibi Tatu binti Mzee akawa makamu wake.

Hapa ndipo ilipoonekana akili yake. Hakwenda kuwatafuta wenye elimu ya Kizungu. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao, michango yao na siku zao za kukutana. Aliyemvuta kiongozi alikivuta kikundi kizima. Kwa miezi michache wanawake wapatao 5,000 waliingia chamani. Msomaji apime mwenyewe: chama cha walimu na makarani kilipata umati kwa mkono wa mama wa ngoma.

Tangu hapo alizunguka nchi pamoja na Julius Nyerere, akihutubia kwa Kiswahili kilichofahamika na kila mtu. Kwa mwanamke wa buibui wa siku zile, kusimama jukwaani mbele ya wanaume wageni halikuwa jambo dogo, na maneno ya watu hayakukosekana.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata Bibi Titi akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake, UWT. Akawa Mbunge wa Rufiji na Waziri Mdogo wa Maendeleo ya Jamii. Lakini uchaguzi wa mwaka 1965 alishindwa, na kiti kikamponyoka.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa amejenga nyumba kwa mkopo wa benki, akazitegemea kwa kodi yake. Alichagua kujiuzulu. Wako waliomwona mchoyo, na wako waliomwona mkweli, kwa kuwa hakuficha mali yake kwa jina la ndugu. Hilo la pili ndilo linaloniingia mimi.

Msiba mkubwa ulikuwa nyuma. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri, na maofisa wa jeshi, wakashtakiwa kwa uhaini. Kesi ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Bibi Titi alikana, lakini mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Akiwa gerezani mumewe wa wakati huo alimwacha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka, akakuta marafiki wengi wamemkimbia. Miaka mingi aliishi kimya, wala vitabu vya shule havikumtaja ipasavyo.

Jina lake lilianza kurudi midomoni mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali mjini Johannesburg. Leo Dar es Salaam ina barabara kubwa yenye jina lake, na magari huipita usiku na mchana.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Huyu alitunzwa kwa barabara, baada ya kunyimwa salamu. Thika, Ruiru, Lamu na Tanga wako mabibi walioijenga nchi kwa kazi zisizoandikwa. Heri waulizwe habari zao sasa, wakiwa bado wana pumzi ya kujibu.