Kupona kwa Mzee James White

Agosti 1865, Mzee James White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, alipatwa na kiharusi. Kwa miaka mingi alikuwa amehubiri, kuhariri na kusafiri bila kuupa mwili wake pumziko. Huko Dansville, New York, alishauriwa apumzike kabisa. Lakini Ellen, mkewe, aliona kwamba kukaa bure kunazidi kumdhoofisha.

Mwaka 1867 walikuwa shambani huko Greenville, Michigan. Nyasi zilipokuwa tayari kuvunwa, James alitegemea msaada wa majirani. Hakujua kwamba Ellen alikuwa amekwisha kuwaomba wakatae. Ikambidi afanye mwenyewe. Ellen na mwana wao Willie walikusanya nyasi na kuzirusha juu ya gari. James akazipanga na kuwaongoza farasi. Polepole nguvu zikamrudia, na mwaka 1869 alichaguliwa tena kuwa rais wa Konferensi Kuu.

Kazi iliyopita kiasi ilimwangusha, na kukosa kazi kukakaribia kummaliza. Mwili ni hekalu tulilokabidhiwa (1 Wakorintho 6:19, 20).

Je, wewe unauonea mwili wako kwa lipi: kazi bila pumziko, au pumziko bila kazi?